Yosso wa Pittsburgh na jicho la mhasibu

Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, wakicheza nyumbani usiku, mara nyingi mpira wa kwanza hurushwa saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni kwa saa za kwao. Dar es Salaam hapo ni saa saba na dakika arobaini usiku, na hata mbwa wa mtaani kwetu wameshachoka kubweka. Mimi niko macho, simu mkononi. Ila sianzii Pittsburgh. Naanzia Bradenton, mji wa pwani ya Florida ambako Pirates hulelea vijana wao, natafuta jina moja kwenye orodha ya warushaji: Matoma, kijana wa Uganda. Nisipolikuta napanda ngazi za timu zao ndogo, Greensboro, kisha Altoona, kisha Indianapolis, nione nani kapiga na nani kakosa. Pittsburgh yenyewe naifikia mwisho, na mara nyingi naikuta imeshafungwa.

Kijiweni wananicheka. "Kaka, wewe unashabikia timu au chekechea?" aliniuliza jamaa mmoja, na ilibidi nikubali kwamba ni chekechea.

Ukitaka kunihurumia, soma historia. Pirates wametwaa ubingwa mara tano: 1909, 1925, 1960, 1971 na 1979. Halafu kuanzia 1993 hadi 2012 wakamaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Ishirini! Huku kwetu Simba au Yanga ikitoka sare tatu tu, kocha anaanza kuulizia bei ya tiketi ya ndege. Mwaka 2013 wakafufuka, wakaingia hatua ya mtoano miaka mitatu mfululizo, na baada ya 2015 hawakuuona tena mlango huo hadi msimu wa 2025 ulipoisha. Msimu huo walishinda mechi 71 na kupoteza 91.

Shabiki wa timu ya namna hii hawezi kuishi kwa matokeo ya jana, kwa hiyo anakimbilia kwa watoto. Nimewafuatilia kwa miaka kadhaa, na nakiri wamenifundisha besiboli kuliko mechi zenyewe. Wamenifundisha pia tabia moja mbovu, ambayo ndiyo imenifanya niandike: kumtazama kijana wa miaka 17 kama anavyotazamwa na mhasibu wa klabu. Kagharimu kiasi gani, atalipwa kidogo kwa miaka mingapi, na akianza kuwa ghali tumbadilishe na nani.

Chukua vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 2006, wote mali ya Pirates. (Ona, nimeshasema mali. Ndiyo tabia yenyewe.) Mmoja ni Konnor Griffin wa Mississippi. Mwingine ni David Matoma wa Uganda, mrushaji wa mkono wa kulia ambaye mpira wake unapita maili 95 kwa saa, zaidi ya kilomita 150. Wote wamepita Bradenton, kwenye viwanja vilevile na jua lilelile. Ila waliingia kwa milango miwili tofauti kabisa, na milango hiyo ndiyo ufunguo wa habari nzima.

Mtoto wa Kimarekani huingia kwa drafti. Si ile ya vijiweni, ya vizibo vya soda na kelele za "kula kete." Hii ni zamu ya kila Julai, timu 30 zikichagua vijana wa sekondari na vyuo mmoja mmoja, huku zilizofanya vibaya zikiwa na nafasi kubwa ya kutangulia. Kijana hachagui timu. Timu ndiyo inamchagua. Mwaka 2023 Pirates walitangulia wote wakamchukua Paul Skenes, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kwa dau la dola milioni 9.2, ambalo hadi siku ile lilikuwa kubwa kuliko yote katika historia ya drafti. Mwaka uliofuata zamu yao ilikuwa ya tisa, wakamchukua Griffin akitoka sekondari ya Jackson Prep. Dau lake lilikuwa takriban dola milioni 6.5.

Mtoto wa Dominikana, Venezuela au Uganda hana drafti. Yeye anasubiri dirisha la usajili wa kimataifa, linalofunguliwa tarehe 15 Januari na kufungwa 15 Desemba. Anaruhusiwa kusaini akiwa na miaka 16. Kila timu ina mfuko wake kwa mwaka, na tangu 2017 mfuko huo una kikomo kisichovukwa kwa pesa za mwenye timu. Zipo njia za pembeni, kama kununua sehemu ya mfuko wa timu nyingine kwa kuipa mchezaji, lakini tajiri hawezi tu kumwaga noti. Mwaka 2025 Dodgers wa Los Angeles na Giants wa San Francisco walianza na takriban dola milioni 5.1 kila mmoja, huku timu zilizobebwa zaidi na kanuni zikiwa na milioni 7.5. Kwa karatasi, hii ni moja ya sehemu chache za besiboli ambazo timu ndogo inaanza mbele ya timu kubwa.

Kwa karatasi. Januari ya mwaka huohuo Dodgers walikuwa wanamwinda Roki Sasaki, mrushaji wa Kijapani aliyekwisha kuwa nyota kwao. Kwa kuwa alikuwa na miaka 23, chini ya ile 25 inayowekwa na sheria, alihesabika chipukizi wa kimataifa sawa na kitoto cha Santo Domingo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Shohei Ohtani 2017, alipoingia Marekani kwa dola milioni 2.3 tu. Sasaki akapewa milioni 6.5. Hesabu ni nyepesi: mfuko ule ulikuwa umekwisha ahidiwa vijana wengine kwa maneno ya mdomo, na vijana hao ikabidi wakatafute pa kwenda. Mmoja wao, Darell Morel, shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) wa Kidominikana, akaangukia kwa Pirates kwa takriban dola milioni 1.8. Mashabiki wa Pittsburgh tukashangilia kama tumeokota pochi. Sikumbuki kama kuna hata mmoja wetu aliyejiuliza usiku ule nyumbani kwa kijana kulikuwaje, ahadi ya miaka ilipogeuka hewa.

Nasema ahadi ya miaka kwa sababu katika Dominikana dirisha la Januari ni sherehe ya kusaini tu. Mpango hufungwa mapema, mtoto akiwa na miaka 13 au 14. Anayempeleka sokoni ni buskoni, mtu ambaye ni kocha, mlezi, wakala na mkopeshaji kwa mpigo. Anamtoa mtoto shule akiwa na miaka 12, anamlisha, anamfundisha, na siku ya dau anachukua chake, asilimia 30 au zaidi. Ukimuuliza buskoni atakwambia kwamba bila yeye mtoto angekuwa anakata miwa, na si uongo wote. Timu zote 30 zina vituo vya mafunzo kisiwani humo. Cha Pirates kipo El Toro na kilifunguliwa 2009: viwanja, mabweni, madarasa ya Kiingereza. Wenye klabu walikisifia sana, na kweli ni kizuri.

Sasa dau linasema nini kuhusu mchezaji? Kidogo kuliko tunavyodhani. Kevin Maitán wa Venezuela alisajiliwa na Atlanta Braves mwaka 2016 kwa dola milioni 4.25, watu wakamtaja kama kizazi kipya kizima ndani ya mwili mmoja. Hakuwahi kugusa ligi kuu. José Altuve, Mvenezuela mwenzake, alitimuliwa kwenye majaribio ya Houston Astros kwa sababu ya ufupi, akarudi kesho yake kwa ubishi, akasajiliwa 2007 kwa dola 15,000. Altuve amekuwa mchezaji bora wa ligi yake. Starling Marte aliwagharimu Pirates dola 85,000 mwaka huohuo wa 2007 na akawa mmoja wa walinzi wa nje bora wa kizazi chake. Dau ni bei ya kile ambacho skauti, msaka vipaji wa klabu, anadhani anakijua siku ile, na ni bei ya idadi ya wanunuzi waliosimama uwanjani. Mtoto aliyetazamwa na timu kumi ana bei. Aliyetazamwa na timu moja ana bahati tu.

Na bei hiyo inategemea sana umri. Sisi tunaokumbuka vipimo vya MRI vya michuano ya CAF ya vijana chini ya miaka 17 hatuhitaji kufundishwa hapa. Kijana anayerusha maili 92 akiwa na miaka 16 ni milionea. Anayerusha hivyohivyo akiwa na 20 ni kibarua. Kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa hupata miguu. Januari 2012 mrushaji wa Cleveland aliyejulikana kwa jina la Fausto Carmona alikamatwa Santo Domingo. Ilibainika jina lake ni Roberto Hernández na ana miaka mitatu zaidi. Alikuwa amecheza ligi kuu kwa miaka kadhaa, mipira aliyorusha ilikuwa ya kweli yote. Upande wa pili wa shilingi ni Framber Valdez, ambaye alionekana mzee akiwa na miaka 21 na kusajiliwa na Houston kwa dola 10,000. Akawa mmoja wa warushaji bora wa mkono wa kushoto wa zama hizi.

Kwa Pirates, imani kwamba lulu huokotwa ina mizizi mirefu. Roberto Clemente, kijana wa Puerto Rico, alisajiliwa 1954 na Dodgers, wakati huo wakiwa Brooklyn, kwa dau la dola 10,000. Wakampeleka Montreal, wakawa wanamchezesha kwa kuibia-ibia ili wengine wasimwone. Skauti wa Pirates wakamwona. Novemba ya mwaka huo Pirates, waliokuwa mkiani, wakatumia kanuni inayoruhusu kumchukua kijana aliyeachwa nje ya kikosi, wakalipa dola 4,000. Aliwapa ubingwa mara mbili na mipigo 3,000 kamili iliyomfikisha besi. Tarehe 31 Desemba 1972 ndege aliyokuwa amepanda, iliyobeba misaada kwa waathirika wa tetemeko la Managua, ilianguka baharini. Ukuta wa kulia wa uwanja wa PNC Park una kimo cha futi 21, namba ya jezi yake.

Tarehe 1 Septemba 1971, Clemente akiwa kikosini, Pirates waliwapanga wachezaji tisa wa kuanza ambao wote walikuwa Weusi au Walatino. Hakuna timu iliyowahi kufanya hivyo kabla, na kocha wao hakutangaza lolote. Alipanga tu waliokuwa bora. Huwa nakumbuka siku hiyo kila nikisikia mtu akisema klabu hii haina historia zaidi ya kufungwa. Ni klabu iliyotazama mahali ambapo wengine hawakutazama, na ililipwa kwa kutazama huko.

Ndiyo maana haikunishangaza kwamba Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli alivaa jezi yao. Gift Ngoepe alizaliwa Polokwane, Afrika Kusini, akakulia Randburg kwenye chumba ndani ya jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Mwaka 2008 alialikwa kwenye kambi ya vijana huko Tirrenia, Italia. Pirates wakamsajili kwa dola 15,000, sawasawa na Altuve. Ngoepe alikaa ligi za chini karibu miaka tisa. Tarehe 26 Aprili 2017 akaingia dhidi ya Chicago Cubs, akakutana na Jon Lester, mrushaji mwenye pete za ubingwa vidoleni, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga mpira akafika besi ya kwanza. Alicheza mechi 28 kwa Pirates, kisha 13 kwa Toronto mwaka uliofuata. Jicho la mhasibu litakwambia huo ni uwekezaji usiolipa. Mimi picha ya yule kijana pale besi ya kwanza, akijitahidi kutolia, ninayo kwenye simu hadi leo.

Uganda imekuja baadaye, na kwa mlango wa watoto. Mwaka 2011 timu ya Kampala iliifunga timu ya Dhahran, Saudi Arabia, ikafuzu mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, katika jimbo lilelile la Pittsburgh. Haikwenda. Watoto walinyimwa viza za Marekani kwa sababu ya vyeti vya umri vilivyogongana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Viwanja vikaota Mpigi. Dodgers wakafungua kituo nchini humo, na 2022 wakawasajili Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pirates wakamchukua Matoma.

Tusidanganyane kuhusu sababu. Kuna mapenzi ya mchezo, ndiyo, na kuna watu wamejitolea miaka mingi kwenye vumbi. Lakini kuna pia hesabu: usajili wa dola 10,000 kushuka chini hauguswi kabisa na ule mfuko wa mwaka, hauhesabiwi popote. Uganda hakuna mabuskoni wa kupandisha bei wala timu kumi uwanjani. Kwa klabu ni shamba la bibi lenye ungo mkubwa wa kuchekecha: chukua vijana watano, wanne wakirudi nyumbani hakuna mkutano wa bodi utakaoitishwa. Nasema hivi nikiwa nawatakia heri wote watano. Pale Azania, Upanga, kwenye uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, wapo vijana wa Kitanzania wanaorusha mpira kwa nguvu ya kutosha kumfanya skauti aagize chai ya pili, na kama siku moja skauti huyo atakuja, ningependa amkute mzazi anayejua kusoma mkataba.

Nirudi kwenye simu yangu ya usiku, maana kusoma yosso ni ufundi na wengi wanausoma vibaya. Maskauti hutoa alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ndiyo kiwango cha mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Shabiki mpya anashika alama hizo kama matokeo ya NECTA. Mimi naangalia kwanza umri dhidi ya daraja. Kijana wa miaka 22 anayewaonea watoto wa Bradenton hajathibitisha kitu. Kijana wa 19 anayehangaika Altoona, ngazi mbili chini ya ligi kuu, akikutana na watu wazima waliokwisha kuoa, huyo nampa muda. Pili, naangalia uwanja. Greensboro, daraja la kati la Pirates, wana uwanja mdogo ambao mpira hutoka nje kama kuku asiyefungiwa. Mpigaji akitoka pale na homurani nyingi, punguza. Kila mwaka Pirates wana mpigaji mmoja wa Greensboro anayetufanya tuote, na kila mwaka Altoona inatuamsha.

Ndiyo sababu Griffin alinitia homa. Msimu wa 2025, wa kwanza kwake kama mchezaji wa kulipwa, alipita Bradenton, akapita Greensboro, akamalizia Altoona akiwa na miaka 19, na hakupungua. Wastani wa kupiga wa .333, homurani 21, besi 65 za kuiba. Orodha zikampandisha hadi namba moja kati ya chipukizi wote wa besiboli. Nilimsubiri Altoona imwamshe. Safari hii Altoona ndiyo iliyoamshwa.

Na hapa ndipo mhasibu anaingia kwa mlango wa nyuma, hata kwangu. Siku Griffin alipotajwa namba moja, ujumbe wa kwanza niliomwandikia mwenzangu haukuwa kuhusu mikono yake wala mbio zake. Nilimwandikia: "Wakimleta mapema wanapoteza mwaka." Nilimaanisha hivi. Mchezaji akiingia ligi kuu anakuwa chini ya klabu kwa miaka sita ya utumishi ndipo awe huru kujiuza. Miaka mitatu ya mwanzo kwa kawaida hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Inayofuata hupanda kwa usuluhishi. Mwaka wa utumishi ni siku 172. Kwa hiyo klabu ikimchelewesha kijana aliyeiva kwa wiki chache mwanzoni mwa msimu, inajipatia mwaka mzima wa ziada wa kumlipa kidogo. Yaani nilikuwa naomba kijana azuiwe kufanya kazi aliyoiweza ili bilionea apunguziwe gharama, na niliomba kwa moyo mweupe.

Skenes alionyesha jinsi hesabu hizi zinavyoweza kumrudia mwenyewe. Mwaka 2024 Pirates walimweka Indianapolis hadi tarehe 11 Mei, siku zikawa zimeshapungua. Alipopanda akawa moto: kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima, aliruhusu chini ya pointi mbili, wastani wa 1.96, akaanza kama mrushaji wa kwanza kwenye mechi ya nyota wote, na mwisho akachaguliwa chipukizi bora wa ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Mkataba wa pamoja wa 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji unasema wanaoshika nafasi mbili za juu katika tuzo hiyo hupewa mwaka kamili wa utumishi, hata wakiwa wameletwa kwa kuchelewa. Pirates wakapoteza wiki sita za mrushaji bora na mwaka waliotaka kuuiba hawakuupata.

Msimu wa 2025 ndio uliofunga mjadala kwangu. Skenes, akilipwa dola 875,000, alimaliza na wastani wa 1.97 na kutwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, kwa kura zote. Rekodi yake ya kushinda na kushindwa? Kumi kwa kumi. Mrushaji bora wa ligi alitoka sare na dunia, kwa sababu wenzake hawakuwa wanapiga. Timu nzima ilipiga homurani 117, chache kuliko timu yoyote kati ya 30. Huwezi kulaumu maskauti kwa hilo, wala kituo cha El Toro. Yosso walikuja kama walivyoahidiwa. Aliyekosekana ni mtu wa kwenda sokoni kununua wapigaji watu wazima wa kumsaidia, na mtu huyo ana hundi mfukoni: Bob Nutting, mwenye timu.

Utetezi wa Pittsburgh ni kwamba mji ni mdogo na mapato ya televisheni ni haba. Sawa. Lakini endesha gari saa mbili kuelekea kaskazini-magharibi utafika Cleveland, mji ambao nao si New York. Cleveland walimsajili José Ramírez wa Dominikana mwaka 2009 kwa dola 50,000. Alipoiva hawakumuuza, mwaka 2022 walimpa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 141, na akiwa naye timu imekuwa ikiingia mtoano. Pirates, mkataba wao mkubwa zaidi hadi 2025 ulipoisha ni wa Bryan Reynolds, dola milioni 106.75. Reynolds mwenyewe alikuja kama yosso, malipo ya kumtoa Andrew McCutchen Januari 2018, wiki ileile waliyomtoa Gerrit Cole. Cole alikuwa chaguo la kwanza la drafti ya 2011. Leo ana mkataba wa dola milioni 324 na Yankees. Miezi sita baadaye, kana kwamba wamejisuta, wakageuka wanunuzi: wakawatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz kumpata Chris Archer wa Tampa Bay. Archer alifika akiwa amechoka. Glasnow akawa mrushaji wa kutisha kwingine. Ukimtajia shabiki wa Pirates biashara hiyo, hata iwe saa saba usiku, utasikia anavyovuta pumzi.

Kwa hiyo msimu unapoisha mimi sitaanza tena na orodha za vijana 100 bora. Orodha ni tamu, najua, na dirisha la 15 Januari lina utamu wake wa kusoma majina ya watoto ambao hatujawahi kuwaona wakicheza. Nitaanza na swali la kikubwa: je, wamenunua mpigaji? Kama hawajanunua, Griffin atakuwa Skenes wa gongo, akipiga peke yake. Skenes atakuwa huru kuondoka baada ya msimu wa 2029. Griffin na Matoma mwaka huo kila mmoja atakuwa na miaka 23.

Kuhusu Matoma, uwezekano wa mrushaji yeyote wa Bradenton kufika Pittsburgh ni mdogo, na mkono wa mrushaji ni kitu kinachokatika bila taarifa. Daraja lile kima cha chini cha mshahara kwa mujibu wa mkataba wa 2023 kilianzia dola 26,200 kwa mwaka, na hayo ni mafanikio ya chama cha wachezaji. Wenzake walioko ligi ya Dominikana hawamo hata kwenye mkataba huo. Nimejizuia kumwita tiketi ya bahati nasibu, ingawa ndivyo yosso wa aina yake wanavyoitwa na wengi wanaowafuatilia.

Juzi yule jamaa wa kijiweni, ambaye siku hizi ananiulizia habari zake kama ndugu yake, aliniuliza Mganda wetu anaendeleaje. Nikamweleza kasi ya mpira, nikamweleza madaraja yaliyobaki. Akasikiliza kwa adabu, halafu akauliza: "Na matoke anapata huko?"

Nikafungua simu. Kuna umri, kuna urefu, kuna uzito, kuna mkono anaorushia. Nikashuka hadi chini kabisa ya ukurasa. Matoke hayamo.